Kiongozi na Mnyama Asiye na Msemaji

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, na kutiwa katika taarifa hii kwa ombi la wazee)



Nimeombwa na Halmashauri niseme maneno machache kabla ya hesabu za chama kusomwa. Najua kwamba wengi wamekuja kusikia habari za fedha za mazishi na karo za watoto, nayo ni haki yao. Kwa hiyo huenda mtu akashangaa kusikia kwamba habari niliyoichagua ni ya wanyama: jinsi watawala na wanasiasa wanavyowatendea wanyama, na jinsi matendo hayo yanavyotufunulia tabia zao. Naomba subira yenu. Chama hiki ni cha ustawi wa watu, na ustawi wa watu umo mikononi mwa wale tuwapao madaraka. Kila wakati wa uchaguzi ufikapo, vijana huwauliza wazee: Je, fulani ni mtu wa kuaminiwa? Nataka kuwaonyesha mahali pamoja pa kutazama kabla ya kutoa jibu.

Mwanasiasa akiwa mbele ya watu hujua kwamba anatazamwa. Huwaamkia wazee kwa heshima, huwabeba watoto wa watu, na mchango wake wa harambee hutangazwa kwa sauti kubwa. Mambo hayo ni mema, lakini hayatuambii mengi, kwa sababu kila tendo lina malipo yake. Mnyama hana malipo ya kutoa. Hapigi kura. Hawezi kwenda mahakamani kushitaki, wala kuandika barua kwa gazeti. Mwenye kumtendea haki hapati faida ya siasa, na mwenye kumdhulumu haogopi kisasi. Basi hapo twaweza kumwona mwenye nguvu anavyozitumia nguvu zake juu ya asiyeweza kumjibu. Tena, tukumbuke kwamba katika nchi wako watu wengi wasioweza kumjibu mkubwa: mjane asiye na wa kumsemea, mfungwa, mgonjwa, mtoto yatima. Desturi aliyoizoea mtu juu ya mnyama haiko mbali na desturi atakayoitumia juu ya hao.

Jambo hili si geni katika dini zetu. Mfalme Daudi alipomtwaa mke wa Uria, na kumfanya Uria auawe vitani, nabii Nathani alimwendea na habari ya kondoo. Alimsimulia juu ya tajiri mwenye makundi mengi, ambaye mgeni alipomjia aliyaacha makundi yake, akamnyang'anya maskini kondoo wake mmoja aliyemlea kama mtoto. Daudi alikuwa mchungaji katika ujana wake. Akawaka hasira, akamhukumu mtu yule kufa, ndipo nabii akamwambia kwamba mtu mwenyewe ni yeye. Na ndugu zetu Waislamu wanazo Hadithi za Mtume, moja ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa ajili ya paka aliyemfungia bila chakula wala ruhusa ya kujitafutia, na nyingine ya mtu aliyeteka maji kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe. Katika habari hizo zote mnyama ni mdogo, lakini hukumu ni kubwa.

Sasa nije katika historia ya nchi yetu. Mwaka wa 1938 Serikali ya Kikoloni iliamua kwamba ng'ombe wa Wakamba wa Machakos ni wengi mno, na kwamba udongo unachukuliwa na mvua kwa sababu yao. Kwamba udongo ulikuwa ukiharibika ni kweli. Lakini watu walikuwa wamebanwa katika eneo lao, na ardhi nyingine ya malisho ilikuwa imekwisha kutiwa katika mashamba ya walowezi. Serikali haikukaa na wenye mifugo kutafuta njia. Iliweka hesabu ya ng'ombe ambao kila mtu aruhusiwe kuwa nao, na waliozidi wakakamatwa na kuuzwa mnadani kwa bei ndogo. Wakati huo huo kiwanda cha nyama cha Liebig pale Athi River kilikuwa ndiyo kwanza kianze kazi, nacho kilihitaji ng'ombe wa bei rahisi.

Kwa maofisa wale, ng'ombe alikuwa tarakimu katika daftari. Kwa mwenye ng'ombe, alikuwa maziwa ya watoto, mahari ya kijana, na akiba ya mwaka wa njaa. Ndipo watu kwa maelfu, wanaume kwa wanawake na watoto, walipotoka Machakos kwa miguu wakaenda Nairobi kutaka kumwona Gavana, wakiongozwa na Muindi Mbingu. Walikaa huko kwa majuma mengi, wala hawakufanya fujo. Gavana, Sir Robert Brooke-Popham, mwishowe alikwenda Machakos kusema nao barazani. Muindi Mbingu alikamatwa akahamishiwa Lamu. Lakini kabla ya mwaka kwisha Serikali iliuacha mpango wa kuwauza ng'ombe kwa nguvu. Leo jina lake limo katika barabara moja ya Nairobi. Tazameni basi: watu wa Machakos waliijua Serikali ile ilivyo kwa namna ilivyowashika ng'ombe wao. Hawakuhitaji kusoma sheria zake zote. Mtu anayeingia zizini mwako bila hodi, hataingia nyumbani mwako kwa hodi.

Kule Uingereza nako lilitokea jambo la kufikiriwa. Mwaka wa 1822 Mbunge mmoja, Richard Martin wa Galway katika Ireland, alipitisha sheria ya kuwazuia watu wasiwatese farasi, ng'ombe na kondoo. Wabunge wenzake waliona ni jambo la kuchekesha kwamba Bunge la dola kubwa likae kuzungumza habari za mapigo ya wanyama. Miaka miwili baadaye, Juni 1824, watu wachache walikutana katika nyumba ya kahawa mjini London, wakaunda chama cha kuzuia ukatili juu ya wanyama. Miongoni mwao alikuwamo William Wilberforce, yule aliyepigana miaka mingi mpaka biashara ya watumwa ikakatazwa katika dola ya Kiingereza mwaka wa 1807. Alikuwamo pia Thomas Fowell Buxton, ambaye baada ya Wilberforce aliiongoza kazi hiyo Bungeni mpaka ikapatikana sheria ya mwaka wa 1833 ya kuwaachia huru watumwa wenyewe. Hapana shaka walikuwako Waingereza wengine waliowapenda farasi wao na huku wakila faida ya utumwa. Lakini watu hawa walikuwa wameshika neno moja: kwamba mwenye nguvu hana ruhusa ya kufanya apendavyo kwa sababu tu hakuna wa kumzuia. Waliposhika neno hilo kwa ajili ya mtumwa, hawakuweza kuliacha kwa ajili ya punda.

Hapa mzee mmoja mwenye busara ataniuliza swali, nalo ni swali la haki. Atasema: Je, hujasikia habari za Hitler? Nimezisikia. Serikali ya Hitler ilitoa sheria kali ya kuwalinda wanyama mwezi wa Novemba 1933, mwaka ule ule ilipoingia madarakani. Yeye mwenyewe alikuwa na mbwa aliyempenda, jina lake Blondi, akapigwa picha naye mara nyingi. Na ni Hitler huyo aliyewaua Wayahudi milioni sita na watu wengine wengi. Basi kipimo changu kimevunjika?

Nadhani hakikuvunjika, ila chatufundisha kukitumia kwa akili. Mwaka wa 1942 Serikali hiyo iliwakataza Wayahudi kufuga mbwa, paka na ndege. Mnyama aliyekuwa na haki mikononi mwa Mjerumani, hakuwa na haki tena kwa kuwa alipendwa na Myahudi. Na huyo Blondi je? Aprili 1945, majeshi ya adui yalipokwisha kuingia Berlin, Hitler aliamuru mbwa wake apewe sumu, ili ajue kama sumu aliyojiwekea yeye mwenyewe yafanya kazi. Mapenzi yake kwa mbwa yalikuwa mapenzi ya mtu kwa kitu chake. Palipokuwa na haja, kitu kikatumiwa. Kwa hiyo, wazee wangu, tusimpime kiongozi kwa kuuliza kama anapenda wanyama. Tuulize kama ako tayari kujizuia. Je, upo mpaka ambao nguvu zake hazivuki, hata mahali ambapo hakuna wa kumkemea?

Mfano wa upande wa pili ni Mwalimu Julius Nyerere. Yasimuliwa kwamba alisema waziwazi kuwa yeye si mtu wa kupoteza likizo yake akiwatazama mamba. Hakujitia kuwa mpenzi wa wanyama. Walakini mwezi wa Septemba 1961, Tanganyika ilipokuwa karibu kupata Uhuru, yeye na wenzake walitia sahihi tamko la Arusha la kuwahifadhi wanyama wa porini, wakisema kwamba ni amana waliyopewa kwa ajili ya wajukuu. Huyu hakuwa na mapenzi ya kuonyesha, lakini aliuweka mpaka. Ila tusisahau kuwa wakoloni, miaka miwili kabla yake, yaani 1959, waliwaondoa Wamasai katika Serengeti kwa ajili ya hifadhi hiyo hiyo. Kumlinda mnyama kwa kumfukuza maskini si kujizuia. Ni kuuhamisha mzigo kutoka mgongo mmoja kwenda mwingine.

Jambo jingine la kuangalia ni haraka ya kuhukumu. Mwaka wa 1964 Lyndon Johnson, Rais wa Marekani, aliinua mmoja wa mbwa wake kwa masikio mbele ya wageni na wapiga picha. Picha ilienea, na watu wakamlaumu sana. Walikuwa na haki ya kulaumu. Lakini mwezi wa Julai mwaka huo huo alitia sahihi sheria kubwa ya haki za raia, iliyowakataza watu kuwabagua Wamarekani weusi mahotelini, shuleni na kazini. Na mwaka wa 1966 alitia sahihi sheria ya kuwalinda wanyama wanaotumiwa katika majaribio ya wataalamu. Picha moja haikutosha kumjua. Sheria alizotia sahihi zilisema zaidi.

Linganisheni na habari ya mwaka wa 2024. Kristi Noem, aliyekuwa wakati huo Gavana wa jimbo la South Dakota, aliandika katika kitabu chake kwamba zamani alimpiga risasi mbwa wake kijana, wa umri wa miezi kama kumi na minne, aliyeharibu mawindo na kuwaua kuku wa watu. Na siku ile ile akamwua na mbuzi aliyekuwa msumbufu. Sisi ni watu wa mashamba. Twajua kwamba mkulima hulazimika mara nyingine kumwua mnyama wake, wala hatumhukumu mtu kwa hilo peke yake. Lililowashitua Wamarekani wa vyama vyote ni kwamba aliitoa habari hiyo kama ushahidi wa kufaa kwake kuongoza, kuonyesha kwamba haogopi kazi ngumu. Mzee wa kwetu akichinja, huchinja upesi na kwa kisu kikali, kisha hajisifu. Kiongozi anayehesabu ukali juu ya asiye na nguvu kuwa ni ushujaa, ametuambia mwenyewe namna atakavyotutawala.

Turudi nyumbani. Mwaka wa 1970 Mzee Jomo Kenyatta, Rais wetu wa kwanza, alitoa amri ya kumlinda ndovu mmoja wa Marsabit aitwaye Ahmed, mwenye pembe kubwa ajabu. Askari walimlinda usiku na mchana, naye akafa kwa uzee mwaka wa 1974. Mifupa yake imo katika nyumba ya makumbusho Nairobi. Lilikuwa tendo jema. Lakini katika miaka ile ile ndovu wasio na jina walikuwa wakiuawa kwa bunduki nchi nzima. Mwaka wa 1973 walihesabiwa kuwa wapata 167,000. Ilipofika 1989 walibaki wapata 16,000. Uwindaji ulikatazwa mwaka wa 1977, na bado waliendelea kufa, kwa maana amri bila ya mtu wa kuisimamia ni karatasi. Julai 1989 Rais Daniel arap Moi alizichoma moto tani 12 za pembe katika mbuga ya Nairobi, fedha nyingi zikageuka moshi mbele ya macho ya dunia. Watu wengine walisema ni upotevu. Lakini biashara ya pembe ilikatazwa na mataifa mwaka ule ule, na ndovu wetu wakaanza kuongezeka tena. Huruma ya mkubwa kwa mnyama mmoja mwenye jina ni rahisi, na hupendeza pichani. Tabia huonekana katika kanuni inayowalinda wale wasiojulikana, hasa kanuni inayomgharimu yeye mwenyewe.

Nimeiweka mwisho habari ya punda, kwa kuwa yatuhusu zaidi. Punda si mnyama wa matajiri. Watalii hawapandi ndege kuja kumwona, isipokuwa labda Lamu. Ni mnyama wa mama anayeteka maji mbali, na wa kijana mwenye mkokoteni. Mwaka wa 2012 Serikali iliruhusu punda kuchinjwa kwa biashara, na baadaye machinjio manne yakafunguliwa, Mogotio, Naivasha, Lodwar na Machakos. Ngozi zilipelekwa China kutengenezewa dawa iitwayo ejiao. Kuanzia 2016 hadi 2018 walichinjwa punda zaidi ya 300,000. Na punda si kama mbuzi. Mimba yake hukaa mwaka mzima au zaidi, na huzaa mtoto mmoja. Katika hesabu ya watu na mifugo ya mwaka wa 2009 punda wa Kenya walikuwa wapata milioni 1.8, katika hesabu ya 2019 walikuwa wapata milioni 1.2.

Wezi wakaingia kazini. Mtu alilala ana punda, akaamka akakuta ngozi imechunwa na mzoga umeachwa kichakani. Bei ya punda ikapanda hata maskini asiweze kununua mwingine, na mzigo ukarudi mgongoni mwa mama na binti yake. Wenye punda walikwenda Nairobi kulalamika, na Februari 2020 Waziri wa Kilimo, Bwana Peter Munya, akayakataza machinjio yale. Mwaka wa 2021 Mahakama Kuu iliitangua amri hiyo. Hatimaye, Februari 2024, wakuu wa nchi za Afrika waliokutana Addis Ababa walikubaliana kuwa punda wasichinjwe tena kwa ajili ya ngozi katika bara zima. Sasa kazi ni kuangalia kama kila nchi italitimiza neno lake. Hapo, wanachama wenzangu, kipimo ni wazi. Mwulizeni kila atakayekuja kuomba kura: Punda walipokuwa wakiisha, wewe ulikuwa wapi, na ulisema nini? Aliyeona ngozi tu hakumwona mama nyuma yake.

Basi nifupishe. Mtu akija mbele yenu kutaka madaraka, yawe ya Bunge, ya kaunti, au hata ya kamati ya chama hiki, tazameni mambo matatu. Kwanza, tazameni wanyama walio chini ya mkono wake, na wachungaji wanaowatunza; maana mara nyingi ng'ombe mwenye njaa ana mchungaji asiyelipwa mshahara. Pili, wakati wa ukame, ulizeni kama alifika na maji na chakula cha mifugo mapema, au alifika baada ya mizoga kulala njiani, akiwa na wapiga picha. Tatu, tazameni mafahali wanaoletwa katika mikutano ya kutafuta kura, jinsi walivyofungwa na kurundikwa garini. Anayemleta mnyama kwa mateso ili kuwanunua watu kwa nyama, amewadharau wote wawili.

Tena tusiwatazame wakubwa peke yao. Iko sheria ya nchi, Sura ya 360, inayokataza kumpiga mnyama kwa ukatili, kumtwika kupita nguvu zake, au kumnyima chakula. Ni wangapi kati yetu wanaoijua? Mtoto anayempiga mbwa kwa mawe na baba yake akacheka, huyo ndiye chifu wa kesho, na askari wa kesho, na Mbunge wa kesho. Hatuwezi kumlea kwa ukali juu ya wanyonge, kisha tukamlaumu akipata kiti. Samaki mkunje angali mbichi. Naomba Halmashauri ifikirie kuweka neno hili katika mazungumzo yetu na vijana mwaka ujao, hasa vijana wa mikokoteni, ambao wengi wao ni watoto wa wanachama.

Wazee wangu, nyinyi mmekwisha kuona serikali nyingi, na kusikia ahadi nyingi kuliko mimi. Ninyi ndio mtakaoulizwa. Mkijibu, msitazame jukwaa tu. Piteni na nyuma ya nyumba, zizini.

Sasa namwachia nafasi Mtunza Hazina atusomee hesabu.